Mama kwenye Karatasi ya Sukari

Kabla mambo hayajaharibika nilikuwa msomaji mashuhuri wa mtaa wetu, ingawa nilichokuwa nikisoma sikukielewa hata neno.

Ilikuwa hivi. Maboi wa Uzunguni walikusanya magazeti ya mabwana zao yaliyokwisha kusomwa, wakayaleta huku Kariakoo na kuwauzia wenye maduka kwa ratili. Wenye maduka wakafungia sukari, tende na bizari. Kwa hiyo ukitumwa sukari ulirudi nyumbani na sukari pamoja na habari za Ulaya, zote mbili zina sisimizi. Mara nyingi ni maandishi matupu, madogo kama ufuta. Lakini siku ya bahati ulipata gazeti la watoto wao, na humo ndimo mlimokuwa na mambo: picha ndani ya visanduku, kisanduku baada ya kisanduku, watu wale wale wakifanya hili kisha lile, mpaka mwisho mmoja wao anaanguka. Wazungu wa kwenye visanduku walipenda sana kuanguka. Walianguka ngazini, walianguka matopeni, walikalia keki. Nikawaza, hawa ndio wanaotutawala?

Baba yangu ni fundi cherehani. Anashona kanzu kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, si mbali na soko. Hapo barazani, watoto wadogo wakitoka chuo cha Kurani na juzuu zao kwapani, walinikuta nimeshika gazeti kama khatibu. Nilinyoosha kidole kwenye kisanduku, nikawasomea. Kiingereza changu cha darasani kilitosha kusema kwamba ng'ombe yuko shambani, na kwenye magazeti yale hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa hiyo nilitunga. Mzungu mnene nilimfanya karani wa forodhani, mkewe nikampa kazi ya kuuza mbaazi, na mbwa wao nikamtia ulimi.

"Mbwa anasemaje?" mdogo wangu aliuliza. Huyu ni mdogo wangu wa kike, wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajamaliza kuota. Alikaa mbele kabisa siku zote, maana msomaji ni kaka yake.

"Anasema, mkizidi kuninyima mifupa nahamia Ilala."

Watoto wakafa kwa kicheko. Mwenye duka akatoa kichwa dirishani. "Wewe utanifilisi! Watu hawataki tena sukari, wanataka karatasi. Jana mama mmoja kanirudishia nusu ratili, eti haina picha!"

Baba hakucheka. Baba hucheka kwa mguu: ukiona cherehani inakwenda mbio kuliko kawaida, ujue amefurahi. Mama yeye alicheka waziwazi, mkono kinywani, mwingine tumboni, maana alikuwa mjamzito na kila akicheka alidai mtoto anampiga teke. Mama alikaanga vitumbua asubuhi mlangoni petu. Aliniambia, "Wewe mdomo wako huo, ungekuwa na ukingo ningekaangia vitumbua." Kwa mzaha, mimi ni mtoto wa mama yangu. Kwa baba nimechukua masikio tu.

Siku uchungu ulipoanza, shangazi alikuja kumchukua mdogo wangu akampeleka kwake Ilala. Ndiyo desturi, mtoto mdogo hakai kwenye nyumba inayozaa. Aliondoka amebeba furushi lake kichwani, anaimba. Mimi nilibaki kuchota maji.

Sitaki kuyaeleza mengi ya usiku ule na asubuhi yake. Mama hakupona, na mtoto hakulia. Alasiri tulikwenda kuwazika pamoja, nami nilishika jeneza mahali walipoweza kunipachika, kwa sababu nilikuwa mfupi kuliko wenzangu na kila hatua bega langu lilikosa kitu cha kubeba.

Kwenye matanga nilimwigiza mzee mmoja alivyokuwa akiula wali wa msiba, jicho moja linalia, jingine linatafuta nyama. Binamu zangu walicheka. Mjomba akanizaba kofi. Lilikuwa kofi zuri, ndilo lililoniwezesha kulia mbele za watu bila ya kuulizwa sababu.

Sasa wakubwa walikaa kitako kumjadili mdogo wangu. Shangazi akasema mtoto wa umri ule haelezwi kifo, utamtia baridi moyoni akakua nayo. Bibi, mama yake baba, akakubali. Ikapitishwa: mama amesafiri, amekwenda kwao Kisiju, na mtoto akishaanza kusahau ataambiwa. Walizungumza kama wanaokubaliana bei ya mbuzi. Matanga yalipoanuliwa, nyumba ikafagiwa, ndipo mdogo wangu akarudishwa.

Aliingia na furushi lake. Akachungulia chumbani, akachungulia uani.

"Mama amesafiri," bibi alisema upesi, hata hajaulizwa.

"Na nini?"

"Na lori."

"Mbona viatu vyake hivi hapa?"

Bibi alinitazama mimi, kana kwamba viatu ni kazi yangu. "Kisiju ni mchanga mtupu," akasema. "Viatu vya nini?"

Mdogo wangu alivipanga viatu vile vizuri ukutani, vidole vikitazama nje.

Siri ya Kariakoo ni kama moshi wa kitumbua. Haukupita muda, mtoto mmoja wa jirani akamwambia wakitoka chuoni, "Mama yako hayuko Kisiju, amezikwa. Baba yangu alikwenda kuzika." Mdogo wangu alimng'ata mkono kwa hayo meno mapya. Mama yake mtoto akaja na ule mkono kama kithibitisho, akatukuta uani. Lakini alipokwisha kumwona mdogo wangu amesimama nyuma ya mtungi, hasira ikamwishia, akageuka akaenda zake akifuta macho kwa kanga.

Siku ile baba aliniita barazani. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa.

"Wewe unajua kusema naye," alisema. "Mwambie."

"Nimwambieje, baba?"

"Sijui. Ningejua ningemwambia mwenyewe."

Nilijaribu. Walahi nilijaribu. Nilimketisha nikaanza, "Unajua, mama..." na yeye akanitazama akingoja kucheka, kwa sababu kila nilipomketisha alicheka. Basi nikamwambia mama amemwandikia salamu mbwa wa gazetini. Akacheka. Nikatoka nje nikapiga teke ukuta.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kuchora. Kama mdomo wangu umezoea upuuzi, mkono haukuzoea chochote. Nikamwomba Mwarabu karatasi za kahawia za kufungia sukari, zile nene, safi. Hakuuliza neno, akanipa na zaidi. Nikazikata sawasawa. Mkaa ulitoka jikoni, nili ilitoka kwenye beseni la kufulia kanzu, na manjano nilimwibia bibi kwenye mkoba wake wa viungo.

Bibi alinifuma. Kati yangu na yeye kuna utani. Ananiita mume wake, nami namwita mke wangu mkongwe. Lakini siku ile hakutania.

"Mume wangu, unaingiza masanamu ndani ya nyumba? Malaika watapita wapi? Na siku ya kiyama utaambiwa, haya, litie roho ulilolichora. Utaweza?"

"Bibi, nisipochora macho?"

Akafikiri. Bibi ni mwanachuoni wa mambo yake mwenyewe. "Lisilo na macho," akasema hatimaye, "hilo ni kama gunzi."

Basi nikachora magunzi. Kila ukurasa picha moja, bila neno hata moja, kwa kuwa herufi za Kizungu mdogo wangu hazijui. Kwanza mama anakaanga vitumbua mlangoni, tumbo kubwa, kanga yake ya manjano, nasi tumemzunguka. Halafu mama kashika ukuta kwa mkono mmoja. Halafu mdogo wangu na shangazi, furushi kichwani. Halafu mama kitandani, wanawake wamemkalia pande zote. Halafu wanaume na jeneza mabegani, na juu ya jeneza nikaitandika ile kanga ya manjano, ili ajue ni nani. Mwisho kaburi. Nyuso zote niliziacha tupu, kama mayai. Nikakishona kitabu upande mmoja kwa uzi wa baba. Wakati nachora lile kaburi nilibana pumzi kama mtu anayepita jalalani.

Nilimpa asubuhi moja, ameketi mkekani uani. Nikamwambia, "Hiki nimekutengenezea wewe. Kisome peke yako, polepole." Halafu nikaenda kusimama karibu na mtungi wa maji, nikijifanya nachunguza kama una ufa.

Nilisikia karatasi ya kwanza inafunuliwa. Ya pili. Ya tatu. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: kicheko. Si kicheko cha mzaha, ni kile cha mtoto aliyepewa kitu. Akaja mbio akanikumbatia kiunoni.

"Nilijua! Nilijua atarudi!"

"Nani?"

"Mama! Kumbe yule mtoto hakusema uwongo, alizikwa kidogo. Tena nimemng'ata bure. Halafu wakamtoa, wakambeba wakamleta nyumbani, wakamlaza apumzike. Halafu mimi na shangazi tukarudi kutoka Ilala. Tazama, huyu mimi! Halafu mama akainuka, kizunguzungu kidogo akashika ukuta, halafu akakaanga vitumbua. Na mtoto bado yumo tumboni!"

Nilikichukua kitabu mikononi mwake. Alikuwa amekishika mshono ukiwa kulia.

Ndugu msomaji, mimi niko shule ya serikali. Mkono wangu umezoea kwenda kushoto-kulia kama punda wa maji, haujui njia nyingine tena. Lakini mdogo wangu maisha yake yote kitabu alichowahi kukishika kwa mkono wake ni juzuu, na juzuu huanzia kuumeni, upande wa kulia, alif, be, te. Magazeti ya visanduku alikuwa hayasomi yeye. Kidole changu ndicho kilichomsomea. Sasa alikuwa na kitabu peke yake kwa mara ya kwanza, akakifungua kama alivyofundishwa, kwa adabu, kwa mkono wa kulia, nadhani hata na bismillahi. Na nyuso zangu za mayai hazikumwambia kitu. Wabeba jeneza wangekuwa na macho yenye machozi, angejua. Lakini mtu asiye na uso anaweza kuwa anampeleka maiti, na anaweza kuwa anamrudisha.

Ningemwambia pale pale. Lakini alikuwa ameshatoka mbio kwenda barazani.

"Baba! Kaka amenieleza habari za mama!"

Cherehani ilisimama. Baba alimtazama mtoto, akanitazama mimi niliyekuja nyuma yake, akaona yule mtoto anang'aa uso mzima.

"Umemwambia?"

"Nimemwonyesha," nikasema.

"Na amepokea?"

Mdogo wangu alijibu. "Nimepokea, baba. Nimefurahi sana."

Baba aligeuza uso wake kuelekea dukani. Mwarabu naye akaanza kupima chumvi ambayo hakuna aliyeinunua. Nami kwa mara ya kwanza nikatamani ningekuwa bubu tangu kuzaliwa, maana kila mtu pale alikuwa ananingoja mimi niseme, na nilikuwa sina hata mzaha.

Siku zilizofuata ziliniua. Alikunja matambara ya mtoto akayaweka kando ya viatu. Bibi akimuuliza ni ya nini, anasema, "Ya mgeni wa mama." Bibi akawa anatoka nje kila mara kukohoa. Kitabu alilala nacho. Kisha alfajiri ya Ijumaa moja, chuoni hakuna kusoma, akanitikisa.

"Kaka, twende."

"Wapi?"

"Kule kwenye picha ya mwanzo. Ndiko atakakotokea. Tukikaa hapa tutamkuta keshatolewa na watu wengine."

Bibi angejua angekataza. Wanawake hawaendi makaburini, hata wakiwa na mapengo. Sikumwambia. Nilimshika mkono tukapita nyuma ya soko, wachukuzi wanashusha matenga ya nyanya na mmoja akanitania, "We kibonge, unampeleka mchumba wapi mapema hivi?" Siku nyingine ningemjibu mpaka atupe tenga. Siku ile nilimwambia tu, shikamoo.

Kaburi nililikuta kwa urahisi, ingawa mchanga ulikuwa umeshuka na magugu yameanza. Mdogo wangu akalilinganisha na picha. Akaridhika. Akakaa chini, akavuta gauni lake lifunike magoti, akaanza kungoja.

Nilimwacha angoje kidogo. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nangoja pia.

Jua lilipotufikia usoni nikakaa karibu naye. "Lete kitabu." Nikakigeuza, mshono ukawa kushoto, nikakiweka mapajani mwake. "Hiki nimekishona kama wanavyoshona Wazungu. Kinaanzia huku. Na ndivyo ilivyokuwa."

"Kinaanzia kwenye vitumbua?"

"Kwenye vitumbua."

Sikumnyooshea kidole. Alifunua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto kwanza, akausahihisha, akatumia wa kulia. Mama na vitumbua. Mama na ukuta. Yeye na shangazi wanakwenda Ilala; hapo alikaa sana. Akaniuliza, "Huku ni kwenda?" Nikasema, kwenda. Kitanda. Jeneza. Akaitia kidole kanga ya manjano, kidole kikatoka na rangi. Akafunua kaburi. Akajaribu kufunua tena, akakuta jalada tu, lile la kahawia.

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Karatasi zilikwisha?"

"Hapana. Zilibaki."

Akaangalia lile jalada. Halafu akaangalia mchanga, halafu jalada tena.

"Na mtoto?"

"Wako pamoja. Wamelazwa pamoja."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke."

"Hukumchora."

"Sikumwona vizuri," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli. Walikuwa wamemkunja ndani ya kitambaa cheupe, mdogo kama mkate.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikamaliza, naye akaningojea kama mtu anayengojea mwenzake afunge kamba za viatu. Kisha tukarudi nyumbani.

Bibi alikuwa uani anapeta mchele. Mdogo wangu akamwendea moja kwa moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlikuwa wapi asubuhi yote hii?"

"Bibi, mama amekufa."

Alisema vile kama mtu aliyetumwa ujumbe na anaogopa kuusahau njiani. Na bibi, ambaye alimwosha mama kwa mikono yake, ambaye aliyajua yote kabla yetu sote, aliuachia ungo. Mchele ukamwagika. Akakaa chini kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, akalia kwa sauti ambayo hakuilia hata siku ile yenyewe, maana siku ile alikuwa na kazi.

Majirani wakasikia kilio, wakaja. Wakamkuta mtoto amesimama katikati ya mchele, ana rangi ya manjano kidoleni, wakafahamu bila kuambiwa.

Sisi sote tulikuwa tumekwisha kupewa pole mpaka masikio yakachoka. Baba amepewa, bibi amepewa, mimi nimepewa hata na mwalimu wangu ambaye kwa kawaida hunipa viboko tu. Yeye alikuwa hajapewa na mtu. Utampaje pole mtu ambaye mama yake amesafiri? Basi mama wa kwanza, yule yule wa jirani aliyeng'atiwa mwanawe, akatandika mkeka chini ya ukuta, akamketisha mdogo wangu juu yake, akajifunga kanga kichwani sawasawa, akapiga magoti mbele yake kama anavyopigiwa mtu mzima aliyefiwa.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa," akajibu. Sijui nani alimfundisha.

Wakaja wengine, mmoja mmoja. Shangazi aliitwa kutoka Ilala, akafika jua linapinda. Alipiga magoti hakuweza kusema, ikabidi mtoto amsaidie kuanza. Mwarabu alifunga duka, jambo ambalo watu walilizungumza siku nyingi baadaye, akaja amevua viatu mlangoni. Baba alikuja nyuma yake na uzi bado uko shingoni. Alimpa mkono binti yake kama wanaume wanavyopeana, akashindwa kuuachia.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini naokota mchele, chembe moja moja, nikiutenga na mchanga. Watu walipopungua akaniita.

"Kaka, wewe hujaja."

Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Nilikuwa na uso ule wa kutaka kuchekesha, nilihisi unanijia wenyewe, nikaukataa.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa. Na wewe pole, kaka."

Akasogea ukutani kunipa nafasi, nikakaa. Tukapokea wageni sote wawili mpaka magharibi.